Ana Shangazi Berlin, Kalala Hosteli

Hoja iliyo mezani ni fupi. Mtu ana shangazi yake Berlin. Shangazi ana sebule na godoro la akiba, na pilau haijawahi kukosekana nyumbani kwake. Mtu huyo anashuka uwanja wa ndege, anapita zake, anakwenda kulipia kitanda cha deka katika chumba cha watu wanane asiowajua. Je, ametumia akili au amekosa adabu?

Hoja hii huzuka kila Machi. Ndio mwezi wa ITB, maonyesho ya utalii yanayokusanya dunia katika kumbi za Messe, magharibi mwa Berlin. Yalianza mwaka 1966 yakiwa sehemu ndogo ya maonyesho mengine, na nchi tano tu: Misri, Guinea, Brazil, Iraq na Ujerumani Magharibi yenyewe. Siku hizi kampuni za safari za Arusha, Nairobi, Zanzibar na Kigali huenda huko kutafuta mawakala. Wenye kampuni kubwa hulala hotelini. Wenye kampuni ndogo, wale wa gari mbili na tovuti, ndio wanaotuletea mjadala huu.

Wasemaji ni wanne, na nimewapa vyeo badala ya majina kwa sababu kila mmoja amebeba maneno ya watu wengi. SHANGAZI ni mtu wa Tanga, mkazi wa siku nyingi wa mtaa wa Wedding, kaskazini mwa Berlin. MPWA, mtoto wa kaka yake, anaendesha kampuni ya safari Arusha. MWALIMU alisomesha historia hadi akastaafu, na yuko Berlin kwa binti yake. MHUDUMU ni Mkenya. Usiku anakaa mapokezi katika hosteli moja ya Friedrichshain, mchana anasoma. Mimi ni mwenyekiti, ila ni mwenyekiti mwenye upande, na upande wangu sitauficha.

Ni Jumapili. Maduka makubwa yamefungwa kwa sheria, kwa hiyo hakuna wa kusingizia kwamba anakimbia sokoni mara moja.

SHANGAZI: Naanza mimi, maana aliyeaibika ni mimi. Nimekuja mji huu ukuta umeanguka juzi tu. Ndugu zetu wote wakija Ulaya wanajua wampigie nani. Huyu mtoto wa kaka yangu anafika Berlin, mimi napata habari kwa picha ya WhatsApp! Kasimama na kikombe cha chai, nyuma yake vitanda vya chuma kama wodi. Wakiniuliza nyumbani mwanao alilala wapi, niseme nini? Niseme alilala na Waitaliano?

MPWA: Shikamoo, Shangazi.

SHANGAZI: Marahaba. Usinibembeleze, jibu.

MPWA: Maonyesho yakifungwa jioni ndipo kazi yangu inapoanza. Kuna tafrija, kuna vikao, kuna wakala kutoka Munich anayetaka tule pamoja ndipo azungumze bei. Narudi saa saba usiku. Wewe unaamka saa kumi alfajiri kwenda kuhudumia wazee. Ningekukuta sebuleni umekaa, sahani imefunikwa kawa. Ningekula nimeshiba, nawe ungekwenda kazini hujalala. Na kesho yake vivyo hivyo.

SHANGAZI: Nani kakwambia silali? Nalala kwenye kiti.

MPWA: Ndilo ninalolisema.

MWALIMU: Mwenyekiti, niruhusu. Shangazi anasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu kijana anasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali zote mbili ni zetu. Tusianze kutupiana methali, hatutamaliza.

SHANGAZI: Mimi sijasema methali yoyote. Nimesema nimeaibika.

Hapa mwenyekiti anaingilia, maana kuna jambo wanalizunguka. Watu wengi wa kwetu tunaijua deka kutoka shule ya bweni. Wengine wameijua Jeshi la Kujenga Taifa, JKT. Kote huko ulikuwa chini ya amri ya mtu: anapiga kengele unaamka, anazima taa unalala. Gesti ya mwisho kabisa nyuma ya stendi ya mabasi ina mlango wenye komeo, na ukishaufunga wewe ni mtu mzima. Kwa hiyo mtu mwenye kadi ya biashara anayerudi kulala deka kwa hiari yake, machoni pa ukoo ameshushwa cheo. Kijana wa Ulaya anaiona kinyume. Kwake hosteli ndiyo mahali pa kwanza alipolala bila mzazi kujua amerudi saa ngapi. Kitanda ni kilekile, ila mmoja kilimfunga na mwingine kilimfungulia.

MHUDUMU: Lakini msidhani ni vijana peke yao, Mama. Hiyo ni picha ya kwenye matangazo. Wikendi, ndiyo, wanakuja kucheza muziki mpaka Jumatatu. Lakini njoo siku ya kazi uone. Kuna mafundi kutoka Poland na Romania ambao kampuni imewachukulia vyumba mwezi mzima. Kuna watoto wa shule na mwalimu wao. Kuna mama aliyekuja kumfanyia mtoto usaili wa chuo. Kuna mtu aliyeachana na mkewe jana akabuki usiku mmoja, na bado yuko. Jiji lenyewe limewahi kukodi hosteli kuwaweka wakimbizi na watu wasio na makazi. Mimi nimewahi kumwandikisha profesa.

SHANGAZI: Wanaume na wanawake chumba kimoja?

MHUDUMU: Viko vya mchanganyiko, viko vya wanawake watupu. Unachagua unapobuki. Cha mchanganyiko mara nyingi kina bei ya chini.

SHANGAZI: Sikuuliza bei. Na wewe ulilala kipi?

MPWA: Cha mchanganyiko. Kila kitanda kina pazia, taa yake na soketi ya kuchajia. Ukivuta pazia huoni mtu. Unasikia tu.

SHANGAZI: Unasikia nini?

MPWA: Kukoroma, Shangazi. Kukoroma hakuna taifa.

SHANGAZI: Na sala?

MPWA: Ghorofa ya chini, karibu na mashine za kufulia. Mzee wa Kituruki anayefanya usafi ndiye aliyenionyesha kibla. Alikuwa na mkeka wake nyuma ya mlango.

Shangazi hakulijibu hilo, na mimi nimeliandikia alama kwa upande wa Mpwa.

MWALIMU: Sasa mniruhusu niseme kitu hiki kimetoka wapi, maana Shangazi anazungumza kama hosteli ni uhuni uliozuka na ndege za bei rahisi. Hapana. Imetungwa hapahapa Ujerumani, na aliyeitunga ni mwalimu wa shule, Richard Schirrmann, aliyesomesha Altena, huko Westfalia. Alikuwa akiwatembeza wanafunzi wake mashambani kwa miguu kwa sababu aliona watoto wa mji wa viwanda hawaijui nchi yao. Mwezi Agosti mwaka 1909 dhoruba iliwakuta njiani. Wakajificha katika shule ya kijiji iliyokuwa tupu kwa likizo, wakalala juu ya majani makavu. Yeye usingizi haukuja. Akawaza: kila kijiji kina shule, na kila likizo shule hizo zinakaa bure. Miaka michache baadaye, 1912, akafungua hosteli ya kudumu ndani ya ngome ya kale ya Altena. Vitanda vya mbao, vya ngazi tatu. Mpaka leo vipo, ni makumbusho.

SHANGAZI: Ngazi tatu! Afadhali ya huyu mbili.

MWALIMU: Sasa sikilizeni. Mwaka huohuo 1909 Wajerumani wengine walikuwa kwetu, Tendaguru, nyuma ya Lindi, wanachimba mifupa ya dinosaria. Wapagazi wetu waliibeba kichwani siku kadhaa hadi pwani. Mifupa hiyo iko hapa Berlin, kwenye Jumba la Makumbusho ya Viumbe, imesimamishwa mita 13 na zaidi kwenda juu. Watoto wa Kijerumani wanaletwa na walimu wao kuitazama, na usiku wanalala hosteli. Mimi nikisimama pale huwaza: Schirrmann alihangaikia watoto wa vibarua wapate pa kulala njiani. Wapagazi wa Tendaguru, nani alihangaikia walale wapi?

MHUDUMU: Mwalimu, umetoka nje ya hoja.

MWALIMU: Sijatoka. Hoja yangu ni kwamba hosteli haikuanzishwa kwa ajili ya starehe. Ilianzishwa ili mtoto wa maskini atembee nchi bila kumtegemea jamaa wa kumlaza. Tajiri alikuwa na hoteli, na mtoto wa mkulima alikuwa na mjomba kijiji cha pili. Aliyekosa vyote viwili ni mtoto wa mfanyakazi wa kiwandani. Huyo ndiye aliyejengewa.

SHANGAZI: Umejijibu mwenyewe. Asiye na mjomba ndiye aliyejengewa. Huyu anaye shangazi.

Ilikuwa pigo zuri, na Mwalimu alinyamaza akatafuta miwani yake. Kisha akarudi kwa njia nyingine. Alieleza kwamba hosteli za mwanzo zilikuwa na amri kuliko nyumba yoyote ya shangazi: mlango ulifungwa saa nne usiku, mgeni alikunja blanketi lake, alifagia, na pengine alimenya viazi kabla ya kuruhusiwa kuondoka. Msimamizi na mkewe waliitwa baba na mama wa hosteli.

SHANGAZI: Kumbe na wao walijua mgeni anataka mama.

MWALIMU: Walijua. Halafu mwaka 1932 vyama vya nchi mbalimbali vilikutana Amsterdam vikaunda shirikisho, Schirrmann akawa rais wa kwanza. Mwaka uliofuata Wanazi wakashika dola, hosteli za Ujerumani zikachukuliwa na vijana wa Hitler, naye akasukumwa pembeni. Nataka kijana alikumbuke hilo anaposifu uhuru wa kitanda cha kulipia. Chini ya paa lilelile iliwahi kuamuliwa nani aruhusiwe kuingia na nani asiruhusiwe.

MPWA: Mwalimu, mimi sikukilipia kwa ajili ya historia. Mchana nasimama kwenye meza yetu nauza hema la kifahari Serengeti, dola 600 kwa mtu kwa usiku. Usiku napanda ngazi ya chuma nalala deka ya juu, kichwa karibu na dari. Mteja akiniuliza nimefikia wapi, namwambia upande wa mashariki. Sisemi uongo.

MWALIMU: Wala kwetu pwani kulala na wageni paa moja si ugeni. Bagamoyo kulikuwa na serai ya misafara. Mabohora wana musafirkhana zao Unguja na Mombasa. Nahodha wa jahazi alilaza watu wangapi kwenye sitaha?

SHANGAZI: Musafirkhana ni ya watu wanaojuana kwa dini au kwa ukoo. Hata serai, kila msafara ulikuwa na mkubwa wake. Huyu katika chumba kile angezimia usiku, nani angejua jina la baba yake?

Swali hili lilimgeukia Mhudumu, na ndipo mjadala ulipopata uzito. Yeye anaiona hosteli kutoka nyuma ya kaunta, tena usiku, saa ambazo watu hawajipambi.

MHUDUMU: Jina la baba sijui, Mama. Namba ya pasipoti naijua. Ngoja niwaambie jinsi mambo yanavyokwenda. Mgeni anafika kuanzia saa tisa alasiri, anatoka saa nne asubuhi. Katikati ya hizo saa, vitanda vyote vimevuliwa mashuka, vimetandikwa upya, vyoo vimeoshwa, nywele zimetolewa kwenye mabomba ya bafu. Anayefanya hayo mara nyingi si mwajiriwa wa hosteli. Ni wa kampuni ya usafi iliyopewa tenda, na anahesabiwa vyumba. Kule kuvua mashuka yako mwenyewe na kuyaleta kapuni, kunakoandikwa ukutani kwa maneno ya kirafiki, kunaokoa dakika kwa kila kitanda. Ukizidisha kwa vitanda mia tatu, umepata mfanyakazi mzima ambaye hakuajiriwa.

MPWA: Mimi niliyapeleka.

MHUDUMU: Asante, kaka. Bei nayo haikai mahali pamoja. Februari, katikati ya wiki, kitanda unaweza kukipata kwa euro 20 hivi. Wiki ya ITB kitanda hichohicho ni 40, na kinazidi. Shuka halijabadilika. Mtandao wa kubuki unakata asilimia yake, na jiji linakata kodi ya kulala, ambayo ilikuwa asilimia 5 na tangu Januari 2025 ni 7.5. Kwenye euro 40 hiyo ni euro 3. Inayobaki ndiyo ya mwenye hosteli, umeme, na yule mzee wa mkeka. Kuna hosteli maarufu hapa katikati ya jiji ambayo wafanyakazi wake waliunda baraza lao kudai haki. Mvutano ukaenda miaka. Mwaka 2019 wenye nayo wakaifunga. Kwa hiyo mtu akiniambia kitanda ni rahisi, namuuliza: rahisi kwa nani?

MWALIMU: Na ile ya ubalozi je?

MHUDUMU: Hiyo ni kichekesho cha Berlin. Ubalozi wa Korea Kaskazini uko Glinkastraße, una jengo la ziada ukalikodisha, likageuzwa hosteli. Vijana wa dunia nzima wakilala pale kwa bei ya chini, na kodi ya pango ikienda Pyongyang. Umoja wa Mataifa ulipokaza vikwazo mwaka 2016, ukakataza mali za ubalozi kutumika kwa biashara. Mahakama ya Berlin ikaamua Januari 2020 kwamba ifungwe.

MWALIMU: Na toka pale kwenda Wilhelmstraße ni mwendo wa dakika chache. Wilhelmstraße ndipo lilipokuwa jumba la Bismarck, walipokaa wakubwa wa Ulaya mwaka 1884 hadi 1885 kupatana jinsi ya kuigawa Afrika. Leo kuna kibao cha ukumbusho. Wajukuu wa waliogawanywa walilala jirani kwa euro 20, wasijue.

MPWA: Mimi nilikwenda. Na Neukölln nilikwenda kuiona Lucy-Lameck-Straße. Mtaa ulikuwa na jina la Wissmann, aliyewapiga watu wa Bushiri pwani yetu. Tangu 2021 una jina la mama wa Kilimanjaro aliyeingia serikali ya Nyerere. Nilipiga picha nikamtumia mama yangu. Kwa ukweli, Shangazi, kama ningekaa kwako ningetoka na wewe, kwenda kwa marafiki zako, kula, kurudi. Mji nisingeuona.

SHANGAZI: Mimi naishi kwenye mji huo. Hapa Wedding kuna Sansibarstraße, kuna Ugandastraße. Petersallee, ile ya Carl Peters, mkono wa damu, tangu 2024 kipande kimoja kinaitwa Maji-Maji-Allee. Napita hapo nikienda kununua mkate. Ungekuja ningekuonyesha kwa miguu yangu, na ningekwambia nani alisimama kwenye baridi miaka mingapi kudai majina hayo yaondoke. Hilo hosteli ilikupa? Ilikupa ramani.

Ni kweli, hosteli ilimpa ramani, tena ya bure. Binafsi nadhani ramani ni zawadi nzuri kuliko Shangazi anavyokubali, kwa sababu mtu anayepotea peke yake huuona mji kwa macho ambayo mwenyeji amekwisha kuyapoteza. Lakini lile la mwisho alilosema hakulipata Mpwa kwenye kibao chochote, na hana jibu lake.

MHUDUMU: Na mimi nimchokoze kaka kidogo. Unasema hosteli uko huru, humdai mtu, mtu hakudai. Ulipofika ulijaza nini?

MPWA: Fomu ya mgeni. Jina, tarehe ya kuzaliwa, uraia, anwani, sahihi. Wakatazama pasipoti.

MHUDUMU: Na Mjerumani mliyekuwa naye kwenye foleni?

MPWA: Hakujaza. Alipewa ufunguo.

MHUDUMU: Tangu Januari 2025 Mjerumani hajazi tena, sheria imemwondolea. Sisi wengine bado. Si hosteli iliyotaka, ni sheria, na mimi ndiye ninayekusanya hizo sahihi. Kwa hiyo usiniambie deka ni uhuru. Pale kaunta tayari kuna mgeni na kuna mgeni.

MPWA: Sahihi moja, dada, naiweza. Ni ile nyingine niliyoikimbia.

Hapo akanyamaza, na Shangazi akamtazama. Mwalimu, ambaye hakuwa amelielewa, akauliza ni sahihi ipi.

MHUDUMU: Nieleze mimi? Mtu wa kwetu akitaka viza ya Schengen analipa euro 90. Ilikuwa 80 mpaka Juni 2024. Akikataliwa hazirudi. Anakata bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Anaonyesha atalala wapi, na anaonyesha pesa ya kujikimu. Wajerumani huhesabu kama euro 45 kwa siku. Sasa, asiye na hiyo pesa, au ambaye ubalozi hauridhiki na karatasi zake za benki, anaweza kuwekewa dhamana na mtu anayeishi hapa. Huyo mtu anakwenda mwenyewe ofisi ya uhamiaji ya Berlin na karatasi za mshahara na mkataba wa nyumba. Analipa euro 29, anatia sahihi kwamba mgeni huyu akiugua bila bima kutosha, akikwama, akitakiwa kurudishwa kwao kwa nguvu, serikali itanidai mimi. Si maneno. Wanadai kweli.

MWALIMU: Kwa hiyo kumkaribisha mtoto wa kaka yako ni kumkopea.

MHUDUMU: Kwa karatasi, ndiyo.

SHANGAZI: Mimi ningeandika.

MPWA: Najua ungeandika, Shangazi. Ndiyo maana sikukwambia nakuja.

SHANGAZI: Rudia.

MPWA: Najua mshahara wako. Najua unamsomesha nani na unamtibu nani. Ukiulizwa husemi hapana, hujawahi kusema hapana. Nikachukua mkopo wa chama, nikaujaza kwenye akaunti mpaka karatasi ikaonekana nzuri, nikabuki hosteli. Nikaona afadhali nidaiwe na chama kuliko wewe udaiwe na serikali kwa ajili yangu.

SHANGAZI: Kwa hiyo ulinionea huruma. Bila kuniuliza. Miaka yote hii niko hapa nanyanyua watu wazito kuliko mimi kitandani, nawaosha, na mtoto niliyembeba mgongoni anakaa Arusha ananihesabia mshahara wangu.

Mwenyekiti alikuwa ameahidi kusema upande wake. Nausema sasa, kabla maji hayajazidi unga. Juu ya kitanda nipo na Mpwa. Mtu mzima aliyekuja kazini ana haki ya kulala mahali ambapo kuchelewa kwake hakumkoseshi mtu usingizi, na hosteli, pamoja na pazia lake na foleni yake ya bafu, humpa haki hiyo kwa bei ambayo hoteli haiwezi. Tena naiona fahari ndani yake: amefika nchi ambayo serikali yake inataka mtu wa kwetu aonyeshe pesa au mdhamini, naye akafika amejidhamini. Mhudumu ananikumbusha kwamba fahari hiyo imetandikwa na mtu anayehesabiwa vyumba, na sina la kumpinga. Lakini juu ya kunyamaza, Shangazi amemshinda, sote tumeona. Kumpunguzia mtu mzigo ni jambo moja. Kumficha kwamba umefika ni kumwambia kwamba kukujua tu ni mzigo.

Mwalimu alijaribu kupatanisha kwa hesabu, kama walimu wafanyavyo: usiku wa maonyesho alale hosteli, usiku wa mwisho alale Wedding. Hakuna aliyemjibu. Mpwa aliomba radhi, kwa maneno machache, akiwa ameangalia chini. Shangazi alisema chai imepoa, akaiondoa, akaleta nyingine.

SHANGAZI: Machi ijayo unakuja tena?

MPWA: Inshallah. Wakala wa Munich kasaini.

SHANGAZI: Basi lala unakotaka. Ila kwenye hiyo fomu ya viza, panapoulizwa mwenyeji wako ni nani, andika jina langu.

MHUDUMU: Mama, fomu ile ina mahali pamoja tu. Unaandika jina la mtu aliyekualika, au kama hayupo, unaandika hoteli.

SHANGAZI: Na mwenye vyote viwili?

MHUDUMU: Anaandika atakapolala.

SHANGAZI: Atakapokula hawaulizi?

MHUDUMU: Hawaulizi, Mama.

SHANGAZI: Basi hapo hawana la kunikataza. Kaa mkao wa kula.